Kesi Imeenda Juu

Mhadhara wa wazi, Temeke, Dar es Salaam



Nianze na mama yangu mdogo. Anakaa Mbagala Kizuiani, anauza vitenge. Miaka kadhaa iliyopita alitia akiba yake kwenye kampuni moja iliyoahidi faida ya haraka haraka. Jina la kampuni naliacha, sikuja hapa kumshtaki mtu. Kampuni ikafungwa, wakubwa wake wakafikishwa mahakamani, na mama mdogo akageuka mhudhuriaji wa kesi. Kila baada ya siku kumi na nne alipanda daladala alfajiri, risiti yake ameikunja ndani ya mfuko wa nailoni, akaketi kwenye benchi la nyuma, akasikia kwamba upelelezi haujakamilika, akarudi kufungua genge. Asubuhi moja akakuta kesi haimo kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Akamuuliza karani. Karani hakuinua macho kwenye rejesta. Akasema, "Mama, kesi yako imeenda juu."

Mama mdogo akashukuru, akaishika ngazi, akapanda. Huko juu alikuta stoo ya mafaili na kijana mmoja anakula maandazi.

Nyumbani tulicheka, na yeye mwenyewe alicheka kuliko sisi. Lakini mimi nimezeekea kwenye korido za mahakama, kwanza nikiwa karani, kisha wakili, na siku ile kicheko kilinikwama. Jibu alilopewa lilikuwa sahihi kisheria, na halikumwambia kitu. Juu wapi? Nani ameipeleka? Ikifika huko inaendelea au inaanza upya? Na risiti yake yeye inapanda na kesi au inabaki chini?

Ninachoamini nakisema mapema, ili asiyekubaliana nami aanze kunoa maswali. Kesi kubwa za fedha tulizipeleka Mahakama Kuu ili kumlinda mshtakiwa. Kadiri miaka ilivyokwenda, safari ya kupanda ikageuka mahali pa kumsubirisha. Na aliyeibiwa, mtu kama mama mdogo, hakuwahi kuwemo kwenye hesabu hizo, tangu siku ya kwanza.

Wenye umri wangu mnaikumbuka Machi 1983. Sabuni hakuna, sukari hakuna, khanga zinauzwa kwa kujuana. Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine akatangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikamatwa kwanza, sheria ya kuwashughulikia ikatungwa baadaye, ikapewa nguvu ya kurudi nyuma kuwafikia. Ikaundwa Baraza la Taifa la kusikiliza mashauri yao. Mbele ya Baraza hilo hakukuwa na wakili, hakukuwa na dhamana, na ukishahukumiwa hakukuwa na pa kukatia rufaa. Wapo walioshangilia, maduka yalikuwa matupu na hasira za watu zilikuwa za kweli. Lakini wanasheria wa nchi hii, na baadhi ya viongozi wenyewe, walijua kwamba jambo lile haliwezi kudumu.

Mwaka uliofuata, 1984, Bunge likaifuta sheria ile na kutunga nyingine, Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, ambayo hadi leo mawakili huiita kwa namba yake tu, Sura ya 200. Hapo ndipo neno "juu" lilipozaliwa kwa maana tunayoizungumza leo. Makosa ya uhujumu uchumi yakaondolewa kwenye Baraza na kukabidhiwa Mahakama Kuu: jaji aliyesomea sheria, akikaa na wajumbe wawili wasio wanasheria. Wakili akaruhusiwa. Rufaa ikaruhusiwa. Kwa mtu aliyetoka kwenye kivuli cha 1983, kupelekwa kwa jaji ilikuwa nafuu kubwa. Sheria ikasema kesi hizi ni nzito mno kwa hakimu wa kawaida, na haikukosea.

Lakini ikaweka geti. Kesi ya uhujumu uchumi haiendeshwi bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, yaani DPP. Mshtakiwa anafikishwa kwanza kwa hakimu, na hakimu huyo hana mamlaka ya kumsikiliza. DPP akitaka kesi isikilizwe huko huko chini, anatoa hati ya kuipa mahakama ya chini uwezo huo. Karatasi hizo mbili, ridhaa na hati, zinaonekana vitu vidogo. Mimi nimeziona zikiangusha kesi nzima. Mahakama ya Rufani imefuta mienendo mingi kwa sababu karatasi moja haikuwemo, au ilitaja kifungu kisicho chake. Mashahidi wamekwisha kusikilizwa, hukumu imesomwa, mtu yuko gerezani mwaka wa tano, halafu majaji watatu wanasema kwamba mahakama ile haikuwa na mamlaka tangu mwanzo, kwa hiyo yote yaliyofanyika pale ni sawa na hakuna kilichofanyika. Kwa hiyo mnapomsikia wakili anabishana asubuhi nzima kuhusu mamlaka ya mahakama, msidhani anapoteza muda. Anaangalia kama nyumba ina msingi kabla ya kupaka rangi.

Sasa tuingie chumbani. Wengi wenu mmeshaona picha za magazeti: karandinga limetoka gereza la Keko, hapa hapa kwetu Temeke, au Segerea, limeingia mahakama ya Kisutu, washtakiwa wanashuka. Wakili wa Serikali anasoma mashtaka. La kwanza kuongoza genge la uhalifu, la pili kughushi, la tatu kujipatia fedha kwa udanganyifu, la nne utakatishaji fedha, na kuendelea. Hakimu anawageukia washtakiwa na kusema maneno ambayo kila mwandishi wa habari za mahakama anaweza kuyaandika amefumba macho: hamtakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri hili. Upelelezi haujakamilika. Kesi itatajwa baada ya siku 14.

Itatajwa. Neno hilo tumelizoea hadi hatulisikii tena. Kesi kutajwa maana yake jina lako linaitwa, unasimama, unaonekana kwamba uko hai, unarudishwa mahabusu. Shahidi hasemi, kielelezo hakitolewi. Hakimu aliye mbele yako hawezi kukutia hatiani na hawezi kukuachia. Na kama kwenye orodha kuna utakatishaji fedha, dhamana nayo imefungwa na sheria. Waendesha mashtaka wanajua, na mawakili wa utetezi wanajua, kwamba kosa hilo moja likiongezwa kwenye hati ya mashtaka, mlango unajifunga wenyewe.

Upelelezi ukikamilika, jalada linakwenda kwa DPP, taarifa ya mashtaka inafunguliwa Mahakama Kuu, halafu kila kitu kinarudi tena chini kwa hatua inayoitwa mwenendo kabidhi. Hapo mshtakiwa anasomewa maelezo ya mashahidi wote watakaoitwa na orodha ya vielelezo. Kwa kesi ya mauaji yenye mashahidi wanane, hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kwa kesi ya benki yenye mashahidi wengi na nyaraka za masanduku, karani anasoma taarifa za akaunti, tarehe, namba za hundi, na kila aliyemo chumbani, pamoja na karani mwenyewe, ameshapotea kwenye ukurasa wa tatu. Nasema hivyo nikiwa nimeifanya kazi hiyo. Sauti inakauka, feni inazungusha joto, na nje mtu anauza karanga.

Chukueni Tegeta. Watu wa Tegeta wana haki ya kulalamika, maana kitongoji chao kilichotulia kimebeba jina la kashfa ambayo hawakuipika. Mitambo ya kufua umeme ya kampuni ya IPTL ilikuwa kwao, na akaunti iliyofunguliwa Benki Kuu kutunza fedha za mgogoro wa umeme huo ikaitwa Tegeta Escrow. Fedha zikatoka mwishoni mwa 2013, zaidi ya shilingi bilioni 300. Mwaka uliofuata Bunge likawaka moto, mawaziri wakaondoka. Juni 19, 2017, wafanyabiashara waliohusishwa na fedha hizo, Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira, wakafikishwa Kisutu. Kesi ikatajwa. Ikatajwa tena. Ikapita 2018, ikapita 2019, ikapita mwaka wa korona. Juni 2021, Sethi akaachiwa baada ya makubaliano ya kulipa shilingi bilioni 26.9. Septemba mwaka huo huo DPP akasema hana nia ya kuendelea na kesi dhidi ya Rugemalira, naye akatoka. Miaka minne, na ushahidi ambao taifa zima lilitaka kuusikia haukusikilizwa na jaji hata siku moja. Kama watu wale walikuwa na hatia, hatukuthibitishiwa. Kama hawakuwa nayo, miaka ile hakuna atakayeirudisha.

Nije kwenye kesi ninayoipenda kuliko zote, kama inafaa kusema mtu anaipenda kesi. Ninaipenda kwa sababu ilisikilizwa katika miji miwili na tunaweza kuilinganisha.

Serikali yetu ilitaka kukopa dola milioni 600. Benki ya Standard ya London na dada yake wa hapa, Stanbic, zikakubali kuutafuta mkopo huo kwa ada ya asilimia 1.4. Mambo yakasuasua, halafu ada ikapanda hadi asilimia 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezeka ikaelekezwa kwa kampuni ya Dar es Salaam iliyoitwa EGMA. Fanyeni hesabu: asilimia moja ya milioni 600 ni milioni 6. Machi 2013 dola milioni 6 zikaingia kwenye akaunti ya kampuni hiyo, na ndani ya siku chache sehemu kubwa ikatolewa taslimu dirishani. Mtu anayekwenda benki kutoa laki tano anaulizwa za nini. Hapo mtaelewa kwa nini wafanyakazi wa kawaida wa benki waliona kwamba jambo hili si la kawaida na wakasema.

Benki ya London ikaenda yenyewe kujieleza kwa wachunguzi wa makosa makubwa ya udanganyifu wa Uingereza. Novemba 30, 2015, katika mahakama ya Southwark, kusini mwa mto Thames, Jaji Brian Leveson akaidhinisha makubaliano, ya kwanza ya aina yake katika nchi ile. Benki haikuhukumiwa. Ilikubali maelezo ya kilichotokea, ikatozwa faini ya dola milioni 16.8, ikarudisha faida ya dola milioni 8.4, na ikaamriwa kuilipa Tanzania dola milioni 6 pamoja na riba, jumla kama dola milioni 7. Sheria yao inataka makubaliano ya namna hiyo yapite mbele ya jaji wa mahakama ya juu, na jaji aeleze kwa maandishi kwa nini anaona ni ya haki. Maandishi hayo yako wazi. Tarehe, asilimia, barua pepe, nani alimwambia nani. Sisi watu wa Temeke tulikuja kujua mambo mengi ya nchi yetu kwa kusoma karatasi ya Southwark.

Na hapa Dar? Aprili 2016 Harry Kitilya, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato, TRA, na wenzake wawili waliowahi kuwa maofisa wa benki walifikishwa Kisutu. Kukawa na mvutano mrefu juu ya shtaka la utakatishaji fedha, kama limeandikwa sawasawa au la. Januari 2019 kesi ya awali ikaondolewa, washtakiwa wakaunganishwa na wengine wakawa watano, na wakasomewa mashtaka 58. Hamsini na nane! Hatimaye kesi ikaenda juu kweli, Mahakama Kuu, Divisheni ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Agosti 2020 ikaisha kwa makubaliano: kosa moja likabaki, wakakiri, wakaamriwa kulipa fidia ya shilingi bilioni 1.5, wakaenda nyumbani. Watatu wa mwanzo walikuwa wamekaa mahabusu zaidi ya miaka minne.

Sitaki mnielewe vibaya. London haikumfikisha mtu hata mmoja kizimbani kwa jambo hili; ililipisha benki, basi. Wako wanaosema hiyo nayo ni haki ya tajiri, na mimi siwabishii. Ninacholinganisha ni kitu kimoja tu: jaji wa juu alitufanyia nini. Kule, jaji alitupa maelezo. Hapa, tuliipandisha kesi kwa miaka minne, na ilipofika kileleni ikashukia upande wa pili kwa makubaliano.

Divisheni hii niliyoitaja mnaijua kwa jina la mtaani, Mahakama ya Mafisadi. Hayati Rais Magufuli aliiahidi kwenye kampeni, akairudia alipolifungua Bunge Novemba 2015, na sheria ikarekebishwa 2016. Ilipewa mashauri ambayo thamani yake inaanzia shilingi bilioni moja. Ukipita barabara ya Sam Nujoma, maeneo ya Mawasiliano, karibu na Shule ya Sheria, hapo ndipo ilipo. Miezi ya mwanzo ilikuwa na majaji, ina viti, ina rangi mpya, haina kesi. Kilichofika mezani kilikuwa zaidi maombi ya dhamana. Watu wakaifanya kichekesho cha vijiweni, kwamba mafisadi wamekosekana. Mafisadi hawakukosekana. Kesi zilikuwa chini, zinatajwa. Baadaye kazi ilikuja kwa wingi, hasa ya nyara za Serikali na dawa za kulevya, na majaji wake wameandika hukumu nzuri. Nazungumzia kesi kubwa za fedha, zile zilizofanya watu waitamani mahakama hiyo, ambazo kadhaa ziliishia kwenye meza ya makubaliano. Septemba 2019 Rais alitoa siku saba kwa watuhumiwa wa uhujumu uchumi wakiri na kurudisha fedha. DPP akaripoti watu 467 waliokuwa tayari kurudisha jumla ya shilingi bilioni 107.8. Mwezi huo huo sheria ya kukiri kosa kwa makubaliano ikaanza kutumika. Wakili mmoja rafiki yangu alisema: kesi hizi hazikuishia chini wala juu, ziliishia kwenye ngazi. Mtu aliyekaa Keko miaka mitatu bila dhamana, kesi yake bado inatajwa, ukimletea karatasi ya makubaliano, hiari yake ni ya namna gani? Swali hilo nililiuliza wakati ule kwa sauti ya chini. Leo naliuliza kwenye kipaza sauti.

Kuna jambo linalotutatiza sisi tunaosifu mahakama za juu. Kesi kubwa za fedha ambazo nchi hii ilizisikiliza hadi mwisho, kwa mashahidi, kwa maswali ya dodoso, kwa hukumu ndefu, nyingi zilisikilizwa na mahakimu.

EPA, kwa mfano. Katika mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zilitoka Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22 kupitia akaunti ya madeni ya nje. Gavana Daudi Ballali akaondolewa Januari 2008, akafariki Marekani Mei mwaka huo. Novemba watuhumiwa wakaanza kuingia Kisutu kwa makundi, na hawakuambiwa mahakama haina mamlaka. Walisikilizwa, wako waliofungwa na wako walioachiwa. Novemba hiyo hiyo mawaziri wa zamani Basil Mramba na Daniel Yona walishtakiwa kwa matumizi mabaya ya madaraka na hasara ya shilingi bilioni 11.7. Jopo la mahakimu watatu liliwasikiliza hadi Julai 2015. Wawili wakaona wana hatia, mmoja akaona hawana, na kila upande ukaandika sababu zake. Mwanzoni mwa 2016 kifungo kiligeuzwa kuwa kazi za jamii, na Kinondoni yote ikasikia kwamba mawaziri wale wanafagia hospitali ya Sinza Palestina. Wapo waliokwenda kuchungulia. Miaka saba ni mingi, sikatai. Lakini mwishoni tulipata hukumu, na hata maoni ya hakimu aliyekataa.

Upatu wa DECI nao. Ofisi zake zilikuwa Mabibo, lugha yake ilikuwa ya shambani na kanisani: unapanda mbegu, unavuna. Mwaka 2009 Serikali ikaisimamisha huku watu wamejipanga foleni na vitabu vyao mkononi. Agosti 2013 Kisutu ikawatia hatiani viongozi wanne, kifungo cha miaka mitatu au faini. Hakuna aliyesema kwamba hakimu alishindwa kuielewa hesabu ya upatu. Hesabu ya upatu haihitaji jaji. Fedha ya anayekuja leo inamlipa aliyekuja jana, na wa mwisho analia.

Kwa hiyo uzito wa kesi hauko kwenye tarakimu peke yake. Bilioni moja inaweza kuibwa kwa njia nyepesi, na milioni mia mbili zikapitishwa kwenye kampuni tano, akaunti tisa na nchi tatu. Kipimo chetu kinaangalia sifuri ngapi. Kingeangalia zaidi njia: nyaraka ni ngapi, zimevuka mipaka mingapi, zinahitaji mtaalamu gani wa hesabu kuzisoma. Waingereza waliliona hili mapema. Kamati yao chini ya Lord Roskill ilipotoa ripoti 1986, ilipendekeza kesi ngumu za udanganyifu zisikilizwe na jaji akikaa na watu wawili wenye ujuzi wa mambo ya fedha. Pendekezo hilo halikukubaliwa. Lakini sisi, tangu 1984, tulikuwa tayari tunamkalisha jaji na wajumbe wawili! Mfumo ule tuliuacha bila kujiuliza kama tungewachagua wajumbe hao miongoni mwa wahasibu na watu wa benki waliostaafu ingekuwaje. Walichokubali Waingereza kutoka kwa Roskill ni jambo jingine linalotuhusu zaidi: kesi nzito ya udanganyifu iruke ile hatua ya kusikilizwa chini na iende moja kwa moja mahakama ya juu kwa taarifa ya mwendesha mashtaka. Wakenya walifuta mwenendo kabidhi mwaka 2003. Waganda, walipoanzisha divisheni yao ya rushwa 2008, waliwaweka majaji na mahakimu chini ya paa moja, kesi ikipanda haitoki nje ya jengo. Mama mdogo angepanda ngazi na angeikuta.

Kwetu mambo yameanza kusogea. Sheria ya mwaka 2022 iliweka kanuni kwamba shtaka lisifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Sasa, makosa tunayoyazungumza hapa ndiyo makubwa, kwa hiyo mlango uliofunguliwa haukuwa wetu. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu Mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake Julai 2023, nayo ilitaka upelelezi utangulie. Mimi naongeza dogo tu: kwa kesi za fedha, nyaraka hazikimbii. Hundi ya 2013 itakuwa ile ile 2016. Mtu anaweza kunyang'anywa pasipoti, akaunti zikafungwa, akaripoti kila Jumatatu, huku wapelelezi wakimaliza kazi yao. Siku ya kwanza anapoitwa kizimbani, awe mbele ya anayeweza kumhukumu.

Na lugha. Mahakama ya Mwanzo ya Mbagala imeendesha kesi kwa Kiswahili tangu zamani. Lakini kila ukipanda, Kiswahili kilikuwa kinapungua, hadi ukifika Mahakama Kuu hukumu inaandikwa kwa Kiingereza, na aliyeibiwa anasubiri mwandishi wa gazeti amwambie kilichoamuliwa. Sheria ilibadilishwa 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama zote. Utekelezaji ni safari. Anayewajua mawakili wenzangu anajua tunavyong'ang'ania maneno tuliyoyalipia ada.

Nimebakiza risiti ya mama mdogo. Mwaka 2020 mmiliki wa Mr Kuku, mradi wa ufugaji wa Kigamboni uliokusanya fedha za watu kwa ahadi ya faida nono ndani ya miezi michache, alifikishwa Kisutu. Kiasi kilichotajwa kwenye mashtaka kilikuwa shilingi bilioni 17. Kabla mwaka haujaisha akakiri, akatozwa faini, na zaidi ya shilingi bilioni 5 zilizokuwa benki zikataifishwa. Kutaifishwa maana yake zimekwenda Hazina. Kwa sheria ni sawa kabisa: mhalifu asibaki na mali ya uhalifu. Lakini aliyetoa fedha zile ni mwalimu, ni bodaboda, ni mjane aliyeuza kiwanja. Kwenye kesi yeye ni shahidi kama akiitwa, asipoitwa si chochote. Hana kiti, hana wakili, hana hata karatasi ya kumwambia tarehe. Ikiwa tutaendelea kuzipandisha kesi hizi, basi jalada lipande na orodha ya waliotoa fedha, kila mmoja na kiasi chake, na jaji aulizwe kabla neno "taifisha" halijatamkwa: hawa je? Na tangazo la kesi kuhamishwa libandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, pale pale panapobandikwa matangazo ya chanjo, liseme kwa Kiswahili: shauri namba fulani limehamia mahakama fulani, barabara fulani, tarehe fulani. Gharama yake ni karatasi na gundi.

Nilikuwa na kurasa mbili nyingine kuhusu dhamana, nitazichapa kwenye kijitabu. Tangu nilipomtaja Mr Kuku kuna mkono umenyooshwa pale nyuma, karibu na mlango, haujashuka. Mama, karibu. Kijana, mpelekee kipaza sauti.